Mtu Aliyeshinda Jahazi

Kuna sauti ambayo Wamarekani wa makamo wanadai kuijua kama wanavyoijua sauti ya mama zao. Ni ile ya kipindi cha The Price Is Right, sauti inayoita jina la mtu aliyekaa katikati ya ukumbi na kumwambia ateremke, aje mbele, bahati yake imefika. Waulize aliyekuwa akiita ni nani. Wengi watakutajia Bob Barker bila hata kumeza mate. Na kweli Barker ndiye aliyekiongoza kipindi hicho toka 1972 hadi 2007, akafariki 2023 akiwa na miaka 99. Lakini sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mtangazaji Johnny Olson, aliyeshika kipaza sauti cha pembeni tangu 1972 mpaka alipofariki 1985, na baada yake wakaja wengine. Barker alikuwa akimngojea tu mtu huyo pale mbele.

Waulize tena: nywele za Barker zilikuwa za rangi gani? Nyeupe pe, kama pamba. Kumbe mpaka 1987 bwana yule alikuwa anazipaka rangi. Mtu aliyemtazama mwaka 1980 aliona kichwa cheusi kila asubuhi, lakini leo akifumba macho anaona mvi.

Siyasemi haya kwa sababu nimefika Marekani. Hata Mwanza sijafika. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeishia kidato cha nne, nina kaunta buku mbili zilizojaa riwaya isiyokwisha, na mchana nauza vifaa vya simu. Nayasema kwa sababu mvi za Bob Barker zilitaka kumfanya mjomba wangu aonekane mwongo mbele ya watu. Tena mwongo wa jambo zito: siku ya kifo cha mtu.

Mjomba alikuwa baharia. Aliondoka nyumbani kijana mbichi, akapata meli Mombasa, akazunguka dunia na meli za Wagiriki mpaka 1991 alipochoka na kurudi. Sasa anakaa barazani kwetu Ngamiani na kikombe chake cha kahawa chungu, na sisi tuliolelewa pale tumekula hadithi zake zaidi ya tulivyokula wali. Hadithi nyingi ni za kuchekesha. Moja tu huisimulia akiwa ameinamisha kichwa.

Katika meli ile walikuwa wawili tu kutoka Tanga, yeye na rafiki yake. Meli ilikuwa Houston, Texas, ikipakia ngano. Mvua ikanyesha. Ngano haipakiwi kwenye mvua. Matumbo ya meli hufunikwa na mabaharia hupata nafasi ya kupumua. Wakaenda klabu ya mabaharia karibu na bandari, penye televisheni kubwa na kahawa ya bure, ambayo wao hawakuigusa kwa kuwa walikuwa wamefunga. Asubuhi hiyo televisheni ilikuwa inaonesha mchezo. Jamaa mmoja mwenye ndevu, muuza aiskrimu, anabonyeza kitufe. Taa zinakimbia kwenye ubao, zinasimama, anapata pesa. Anabonyeza tena, anapata tena. Ndani ya ubao kuna kishetani chekundu, taa ikikiangukia unapoteza kila ulichovuna. Yule jamaa taa haimwangukii hata! Elfu kumi, elfu ishirini, elfu thelathini za dola. Wafilipino wanapiga meza, Wagiriki wamesimama juu ya viti. Mara kipindi kikakatwa. Muda umekwisha, mwisho wake ni Jumatatu.

Rafiki yake mjomba alikuwa ameshika ubavu tangu usiku wa daku. Mchana ule akazidiwa, likaletwa gari la kumpeleka hospitali. Akiwa anaingizwa garini akamshika mjomba mkono, akamwambia, "Jumatatu utazame bwana. Halafu uje uniambie kama yule jamaa alisimama au alipoteza vyote."

Jumatatu mjomba akatazama mpaka mwisho. Alikuwa bado hajainuka kitini alipoingia ofisa wa meli akiwa ameivua kofia yake. Mwenzake alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Kesho yake meli ikang'oa nanga. Kaburi mjomba hakuliona.

Hiyo ndiyo hadithi, na kila anapoisimulia huiwekea nguzo zilezile nne. Anasema ilikuwa 1982, mwaka wa Kombe la Dunia la Hispania. Anasema mwongozaji wa mchezo alikuwa mzee wa mvi tupu. Anasema muuza aiskrimu aliitwa jina akiwa kati ya watazamaji, akaambiwa ateremke. Na anasema kwamba pamoja na hela zote zile, yule jamaa alishinda jahazi.

Marehemu aliacha mjane na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mjane naye alishatangulia. Mtoto sasa ni mama mtu mzima, anauza vitambaa mtaa wa pili, sisi wadogo tunamwita Dada na mjomba yeye humwita Ami. Barua ya msiba ilifika Tanga baada ya miezi, ikazungushwa mikononi mwa wazee, ikapotea. Kwa hiyo miaka yote hitima ya baba yake imesomwa kwa kukisia, siku yoyote ya Ramadhani ambayo hela ya pilau imepatikana. Dada hana malalamiko. Ila anataka vitu viwili kabla na yeye hajazeeka: kujua siku, na kujua kaburi.

Mwaka juzi alipata mwalimu wa kumwandikia barua ya Kiingereza, wakaituma ofisi moja ya kumbukumbu za vifo huko Texas. Waliandika jina la baba yake na mwaka aliowapa Ami, 1982. Jibu likaja: kwa jina hilo, kwa mwaka huo, hakuna kitu. Dada akalikunja, akalitia kwenye mkoba wa mama yake.

Kisha ikaja Idi na binamu yangu akaja kutoka Dar. Binamu ni msomi, yuko chuo, na simu yake ina bando lisilokwisha. Mjomba alipoanza kusimulia pale barazani, binamu akawa anabonyeza simu chini ya meza. Alipomaliza, binamu akasema kwa sauti ya watu wote, "Mjomba, samahani. Mchezo wenye kishetani chekundu unaitwa Press Your Luck. Ulianza Septemba 1983. Mwaka 1982 haukuwepo duniani. Mzee wa mvi hayumo, na hakuna mtu anayeitwa ateremke. Na jahazi, mjomba? Marekani wampe mtu jahazi?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Mjomba akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Basi nimesahau mimi." Tangu siku ile akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Mkimuomba hadithi anasema kifua kinambana.

Sasa sikiliza, msomaji. Binamu yangu hakusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo lililonikera na ndilo lililonikosesha usingizi. Kila alichosema kilikuwa kweli, na bado nilihisi ameivunja kweli moja kubwa kwa kutumia kweli ndogo nne.

Nikaanza na mimi kuchimba, usiku usiku, bando la wizi kidogo kutoka kwa jirani. Nilitaka kujua kwanza watu wengine wanaikumbukaje michezo hii ya televisheni ya zamani. Nikakuta msitu mzima.

Chukua Let's Make a Deal, mchezo ulioanza Desemba 1963 ukiongozwa na Monty Hall. Jina la Hall leo linafundishwa hata vyuo vikuu, kwa sababu ya kitendawili cha milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwongozaji, anayejua gari lilipo, anafungua mwingine wenye mbuzi, kisha anakuuliza: unabaki na wako au unahamia ule uliobaki? Jibu sahihi ni kuhama, maana ukihama una nafasi mbili kati ya tatu. Mwandishi Marilyn vos Savant alipoliandika jibu hilo katika jarida la Parade mwaka 1990, alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi zikimwambia amekosea, na zipatazo 1,000 zilitoka kwa wenye shahada za udaktari.

Sawa. Lakini mtu anayekwambia alimwona Monty Hall akifanya hivyo katika televisheni, wiki baada ya wiki, anakumbuka kitendawili, hakumbuki mchezo. Aliyekitunga kitendawili chenyewe kwa jina la Hall ni mtakwimu Steve Selvin, katika barua aliyoiandikia jarida la The American Statistician mwaka 1975. Na Hall mwenyewe alimjibu Selvin mwaka huohuo kwamba katika mchezo wake kisanduku kimoja kikishaonekana ni kitupu, mchezaji haruhusiwi tena kubadilisha chake. Yaani kitu maarufu kuliko vyote kuhusu mchezo ule ni kitu ambacho sheria ya mchezo ilikikataza!

Nikaona kumbe kumbukumbu si sanduku la kufungia vitu. Ni kama mwanamke anayeshona shuka la viraka. Kipande kikipungua hatupi shuka, anachukua kitambaa kilicho karibu naye. Aliyeitazama The Price Is Right alimwona Barker na kuisikia sauti ya Olson kwa wakati mmoja, basi ameshona sauti ya huyu kwenye mdomo wa yule. Barker wa mvi alikaa miaka ishirini, basi mvi zimerudi nyuma zikafunika miaka ya rangi. Ukitaka kujua ukweli wa shuka usiulize tu kwa nini kiraka hiki si cha hapa. Uliza kimetoka wapi.

Kwa swali hilo nikarudi kwa mjomba wangu, kiraka kimoja kimoja.

Muuza aiskrimu yupo. Jina lake Michael Larson, wa Ohio, na ndivyo alivyojitambulisha kwenye Press Your Luck: dereva wa gari la aiskrimu. Alikuwa na ndevu. Alikuwa hana kazi ya maana, ana mashine ya kurekodi video, na alikaa nyumbani akikirekodi kipindi na kukirudia polepole, mpaka akagundua kitu ambacho waliokitengeneza walidhani hakuna wa kukigundua. Taa zile za kwenye ubao wa visanduku 18 hazikuwa zinakimbia ovyo. Zilikuwa na njia tano tu za kukimbia. Akazikariri zote tano. Akajua pia kwamba kuna visanduku viwili ambavyo daima vina pesa pamoja na nafasi ya kubonyeza tena. Basi akasafiri mpaka Hollywood, akaingia mchezoni. Mara ya kwanza kabisa kubonyeza, kishetani kile kinachoitwa Whammy kikamkumba. Baada ya hapo hakikumpata tena. Alibonyeza zaidi ya mara arobaini. Alipotoka alikuwa na dola 110,237, na wakubwa wa CBS wakakaa kujadiliana kama wamlipe. Wakakuta hakuvunja sheria yoyote. Wakamlipa.

Katika hizo dola 110,237 hazikuwa noti zote. Kulikuwa na safari ya visiwa vya Hawaii, safari ya Bahamas, na chombo cha majini. Chombo cha tanga. Mashua ya kizungu ya matanga.

Nilipoliona hilo nilisimama peke yangu saa nane za usiku. Wewe mtoto wa pwani ukioneshwa chombo chenye mlingoti na tanga, ukaulizwa ni nini, utasema nini? Mjomba alisema jahazi. Binamu alitafuta jahazi, akakosa, akacheka.

Mvi je? Mwongozaji wa Press Your Luck alikuwa Peter Tomarken, na wakati ule alikuwa na miaka 41. Si mzee. Lakini katika ratiba ya CBS ya mwaka huo, Press Your Luck kikiisha kilichofuata kilikuwa The Price Is Right. Mjomba na wenzake walibaki viti vilevile, mvua inanyesha, wanatazama kinachokuja. Hapo ndipo palipotoka sauti ya kumwambia mtu ateremke. Na mjomba alizidi kutia nanga Marekani hadi 1991, akimkuta Barker kwenye televisheni za kila bandari, mwishoni akiwa kichwa cheupe. Viraka viwili, vyote vimetoka nyumba ya jirani.

Kikabaki kile cha mwaka. Mchezo wa Larson ulikuwa mrefu mno kuenea kwenye nusu saa, ndiyo maana ukakatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kilirushwa Ijumaa tarehe 8 Juni 1984. Cha pili, Jumatatu tarehe 11 Juni 1984. Ijumaa na Jumatatu, kama mjomba asemavyo miaka yote.

Na Kombe la Dunia la Hispania? Lilianza tarehe 13 Juni 1982. Lakini tarehe 12 Juni 1984, siku moja baada ya Jumatatu ile, yalianza mashindano ya mataifa ya Ulaya kule Ufaransa, na Platini akafunga bao pekee la siku ya ufunguzi. Klabu imejaa mabaharia wa Ulaya, unadhani walikuwa wanabishana nini wiki ile? Mpira, Juni, Platini, nchi za watu zinagombea kombe. Platini alikuwepo Hispania pia. Mjomba aliporudi nyumbani na kusikia watu wakitaja makombe, akalishika lile linalotajwa zaidi.

Nilikuwa na ushahidi mmoja wa mwisho, na huu haukutoka kwenye simu. Mjomba anasema walikuwa wamefunga. Nikaenda kwa maalimu wetu anayejua kuhesabu miandamo kurudi nyuma. Mwaka 1982, siku mpira ulipoanza Hispania, mwezi ulikuwa bado wa Shaabani. Ramadhani iliingia baada ya tarehe 20 Juni. Mwaka 1984 Ramadhani ilianza kwenye siku za mwanzo kabisa za Juni. Ijumaa ile na Jumatatu ile zote ziliangukia ndani ya Ramadhani.

Binamu aliposikia habari hizi kwa simu alijaribu mwisho: labda mjomba alikiona kipindi kikirudiwa miaka ya baadaye. Swali zuri, sikulidharau. Lakini CBS hawakukipenda kipindi kile. Walikiweka kabatini, hakikurudiwa na vingine, mpaka 2003 kilipooneshwa ndani ya makala maalumu ya Game Show Network. Mwaka 2003 mjomba alikuwa na miaka kumi na miwili hajakanyaga sitaha ya meli. Aliyekiona na kukisimulia kabla ya hapo alikiona Juni 1984. Binamu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nikija nitamwamkia vizuri." Ni mtu mwenye moyo.

Kuna bahati kubwa ndani ya hili. Zamani televisheni za Marekani zilikuwa zinafuta kanda na kurekodi kitu kingine juu yake, maana kanda zilikuwa ghali. Jeopardy! ya kwanza, ile ya Art Fleming, ilirushwa toka 1964 hadi 1975, vipindi zaidi ya 2,700, na vilivyosalimika ni vya kuhesabu. Aliyekuwa baharia mwaka 1970 akikwambia aliona hiki na kile, leo hutapata pa kumpimia. Umebaki na neno lake. Fikiria ni wazee wangapi tumewakatalia neno lao kwa sababu tu kanda imefutwa.

Jioni moja nikamfuata mjomba barazani, nikamuomba Dada naye aje. Sikuanza na tarehe. Nilimpa mjomba simu, nikamwachia kipindi kicheze. Alikaa kimya kabisa. Ubao ulipowaka, mkono wake ukaanza kupiga goti taratibu, kama walivyopiga meza Wafilipino. Ilipooneshwa ile zawadi ya matanga, aligeuka kwa Dada akasema, "Si nilikwambia? Jahazi." Hakuna aliyemsahihisha.

Kisha nikamwambia Dada siku. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 11 Juni 1984, Ramadhani ya mwaka 1404. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akaniomba kalamu, akaandika kwenye ganda la ndani la msahafu wa mama yake. Akamuuliza mjomba jambo ambalo nadhani amelibeba tangu utotoni: "Ami, na yule mtu, alisimama au alipoteza?"

"Alisimama," mjomba akasema. "Alifika mahali akasema basi, akawaachia wenzake wabonyeze. Nilikuwa nakwenda kumwambia."

Barua ya pili imekwenda Texas ikiwa na mwaka 1984 na mwezi wa Juni. Jibu halijaja. Linaweza kuja na kaburi, linaweza kuja na hakuna. Hilo siwezi kuliandika kabla halijatokea, ingawa katika riwaya ningeliandika kesho.

Na hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na nyinyi washikaji mnaoandika, mnaolala na kaunta buku chini ya mto kama mimi. Tunafundishwa kwamba msimulizi anayekosea vitu vidogo anakosea na vikubwa. Mimi nimeanza kuwa na shaka na somo hilo. Tazama kisa cha mchezo wa Twenty-One. Tarehe 5 Desemba 1956, mchezaji Herb Stempel aliulizwa ni filamu ipi ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya 1955. Jibu ni Marty. Alikuwa anaipenda filamu hiyo, ameiona mara kadhaa. Lakini watayarishaji walikuwa wamemwamuru ashindwe, kwa hiyo akajibu On the Waterfront, ambayo ilishinda mwaka uliotangulia. Mshindani wake, Charles Van Doren, kijana wa familia ya wasomi, alikuwa anapewa majibu kabla, na kufundishwa mahali pa kusita na pa kuuma mdomo kama anayetafuta. Mamilioni walimwamini. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuharamisha michezo ya kupangwa.

Pima mwenyewe. Van Doren alitoa majibu sahihi na yote yalikuwa uongo. Mjomba alitoa mwaka usio wake, mvi zisizo zake, kombe lisilo lake, na alikuwa pale, alikiona, aliuguza moyo wake miaka arobaini kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kupelekewa jibu. Hadithi ya kutunga mara nyingi imenyooka kama mstari wa rula. Ya kweli ina viraka, na kiraka kimoja hakilingani na kingine.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi tuache kupima. Kama tungesema mzee ni mzee, akisema 1982 ni 1982, Dada angekufa na jibu lile lililokunjwa kwenye mkoba. Kumheshimu mjomba hakukuwa kunyamaza, na hakukuwa kumcheka. Ilibidi kukaa na neno lake kama Larson alivyokaa na kanda zake, kulirudisha nyuma, kulipeleka mbele, mpaka uone taa zinakimbiaje.

Kwa hiyo ukienda kwa mzee wako na kalamu, usianze kwa kumuuliza ilikuwa mwaka gani. Mwaka ni kitu cha kwanza kupotea. Muulize ilikuwa siku gani ya wiki. Muulize mvua ilikuwa inanyesha au jua. Walikuwa wamekula au wamefunga? Nani alikuwa amekaa kushoto kwake, na watu walikuwa wanabishana nini? Muulize televisheni ilikuwa inaonesha nini. Andika hata vile vinavyokuchekesha, hasa hivyo. Kama anasema mtu alishinda jahazi, andika jahazi.